Mmoja au Pacha: Miezi Mitatu ya Mwanzo ya Ujauzito, Mombasa Bara

Mimba changa ya mtoto mmoja na mimba changa ya pacha hazina tofauti ambayo mwanamke anaweza kuihisi mwilini mwake kwa yakini. Katika zote mbili hedhi hukatika, matiti huvimba na kuuma, haja ndogo huja kila mara, usingizi humvamia mtu mchana, na harufu aliyoizoea, ya samaki wa kukaanga au ya mafuta ya mahamri alfajiri, ghafla humtia kichefuchefu. Tofauti zipo, tena ni kubwa, lakini zimo ndani: katika idadi ya mayai, ya makondo na ya chupa za maji zinazowazunguka watoto. Kwa mwanamke wa mitaa ya bara kama Likoni, Kisauni au Changamwe zina uzito wa pekee, kwa sababu hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kwenye kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya maji, na mimba ya pacha ndiyo inayoelekea zaidi kumpeleka huko kabla ya wakati.

Kwa kawaida mwanamke hutoa yai moja kwa mwezi. Yai likikutana na mbegu katika mrija wa uzazi hutungwa kiinitete, ambacho husukumwa taratibu hadi kwenye mji wa mimba na kujipandikiza siku ya 6 hadi ya 10 hivi. Pacha hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni mayai mawili kutoka katika mwezi mmoja, na kila moja likapata mbegu yake. Watoto hao ni ndugu kama ndugu wengine wowote wa tumbo moja. Huenda wakawa mvulana na msichana, wakafanana au wasifanane. Ya pili ni yai moja lililokwisha kutungwa kugawanyika na kuwa viinitete viwili. Hawa huwa wa jinsia moja na hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Pacha wa yai moja hawachagui kabila wala nchi. Duniani kote ni takriban uzazi 4 katika kila 1,000. Ni pacha wa mayai mawili wanaozidi mahali pamoja na kupungua pengine. Hesabu za kimataifa zilizochapishwa mwaka 2021 zilionyesha kuwa dunia nzima hupata pacha katika uzazi 12 hivi kwa kila 1,000, Asia 9, na Afrika 17. Afrika basi iko juu, na Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria wanajulikana kuwa juu kuliko wote. Mama anapokaribia miaka 40, anapokuwa amezaa mara nyingi, au anapokuwa na mama au dada aliyezaa pacha wa mayai mawili, uwezekano huongezeka. Dawa za kuchochea mayai, kama klomifeni inayotumiwa na wanaotafuta mtoto, huupandisha hadi kati ya 5 na 10 katika kila mimba 100.

Kwamba pacha si wageni Mombasa bara, majina yenyewe yanashuhudia. Waislamu wa Pwani huwaita wavulana wawili Hassan na Hussein. Waliotoka Tanzania huleta Kurwa na Doto. Changamwe, Chaani, Magongo na Mikindani, mitaa iliyojaa familia zilizofuata kazi ya bandari, reli na kiwanda cha kusafishia mafuta, ina akina Opiyo na Odongo wa Waluo, na Mukhwana na Mulongo wa Wabukusu. Majina hayo husema nani alitangulia kutoka. Yale yaliyotokea katika wiki za mwanzo majina hayayasemi, nayo ndiyo yanayoamua usalama wa safari nzima.

Jambo la kuulizwa kwanza kuhusu pacha ni kama wanagawana kondo, kuliko hata kama wametoka yai moja au mawili. Mfano wa karibu ni nyumba ya Kiswahili ya kupanga, ile yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambamo mtu wa Mtongwe au Mlaleo ameishi maisha yake yote. Mimba ya mtoto mmoja ni mpangaji mmoja mwenye chumba chake na bomba lake la maji: chupa moja, kondo moja. Pacha wa mayai mawili ni wapangaji wawili, kila mmoja na chumba na bomba lake, hata kama kuta zao zimegusana. Pacha wa yai moja hutegemea siku yai lilipogawanyika. Likigawanyika katika siku 3 za mwanzo, nao hupata chumba na bomba kila mmoja. Hao ni takriban theluthi moja. Likigawanyika siku ya 4 hadi ya 8, huwa na vyumba viwili lakini bomba ni moja: chupa mbili, kondo moja. Hao ndio wengi. Likichelewa hadi baada ya siku ya 8, wote wawili hukaa chumba kimoja na kunywa bomba moja, na kamba za vitovu vyao zinaweza kusokotana. Hao ni wachache sana, kama mmoja katika kila pacha 100 wa yai moja. Baada ya siku ya 13 hivi mgawanyiko haukamiliki, na watoto huzaliwa wameungana.

Bomba la pamoja ndilo lenye hatari. Ndani ya kondo moja, mishipa ya damu ya mtoto mmoja huungana na ya mwenziwe. Mara nyingi kinachotoka hulingana na kinachorudi. Lakini katika mimba 10 hadi 15 kwa kila 100 za aina hii damu huelemea upande mmoja: mtoto mmoja hupungukiwa, maji yake hukauka na ukuaji wake hudumaa, na mwingine huzidiwa, chupa yake hufura na moyo wake huchoka. Bila kugunduliwa, huweza kuwapoteza wote wawili. Jambo hili huanza kuonekana kuanzia wiki ya 16 hivi, na mama haoni dalili yoyote isipokuwa pengine tumbo kujaa kwa haraka. Mimba ya mtoto mmoja haina hatari hiyo kabisa, na pacha wenye makondo mawili wanakaribia kutokuwa nayo.

Dalili zinazosemwa sana kuwa ni za pacha zina ukweli nusu. Homoni ya mimba, ile inayokamatwa na kipimo cha mkojo, huongezeka karibu maradufu kila siku mbili katika wiki za mwanzo na kufika kileleni kati ya wiki ya 8 na ya 11. Kwa wastani, mwenye pacha huwa na homoni nyingi zaidi, na ndiyo sababu kichefuchefu na kutapika huelekea kumzidia. Ila neno wastani lina maana yake. Wako wenye mtoto mmoja ambao homoni yao inapita ya wenye pacha, na wako wenye pacha ambao hawakutapika hata siku moja. Mstari mzito kwenye kipimo, kutapika hadi kulazwa, kuchoka, kula kwa ajili ya watu wawili: hakuna hata kimoja kinachotosha kuwa ushahidi. Vivyo hivyo tumbo kuonekana mapema. Mwanamke wa mimba ya nne, ambaye misuli ya tumbo imelegea, huonekana mapema kuliko wa mimba ya kwanza, awe na mmoja au wawili.

Kutapika kuna upande mwingine ambao Mombasa haifai kuupuuza. Ukanda wa Pwani ni eneo la malaria, na malaria nayo hutapisha na kuchosha. Mjamzito anayetapika huku ana joto au baridi ya kutetemeka apimwe damu, asiambiwe tu kwamba ni mimba au kwamba watakuwa wawili. Na anayeshindwa kuweka hata maji tumboni kwa siku nzima, mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, anahitaji maji ya mishipa siku hiyohiyo.

Tumbo kubwa ndilo huleta fununu ya kwanza katika kliniki nyingi. Muuguzi humlaza mama chali baada ya kukojoa, hupapasa juu ya mfupa wa kinena kutafuta kilele cha mji wa mimba. Wiki ya 12 kilele hicho huchomoza kidogo tu juu ya mfupa. Wiki ya 20 huwa karibu na kitovu, na kuanzia hapo sentimita za utepe hukaribiana na idadi ya wiki. Mama anayesema ana miezi mitatu na tumbo limekwisha kupanda nusu ya njia ya kitovu huamsha swali. Lakini swali hilo lina majibu mengi. La kwanza, na la kawaida kuliko yote, ni tarehe kukosewa. Wengi hushika mimba baada ya kuacha sindano ya uzazi, au wakiwa bado wananyonyesha, bila hedhi kurejea, kwa hiyo hawana siku ya kuhesabia. Wengine hukumbuka kwa mwezi mwandamo, mwisho wa Rajabu au siku chache kabla ya kufunga, na mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Siku 280 za ujauzito ni miezi mwandamo tisa na nusu. Anayehesabu kwa miezi ya ukutani na anayehesabu kwa mwandamo hukosana kwa zaidi ya wiki moja ifikapo mwisho. Majibu mengine ni uvimbe katika kizazi, maji kuwa mengi, na mimba zabibu, ambayo kondo hukua kama vishada vya zabibu, hupandisha homoni na kutapisha vibaya, na hudanganya kwa sura ya pacha wakati pengine hakuna mtoto kabisa.

Baadaye, muuguzi anapoweza kusikiliza, kuna mtego mwingine. Moyo wa mtoto mmoja huweza kusikika sehemu mbili za tumbo. Kanuni ya zamani ya wakunga ni nzuri na haihitaji umeme: watu wawili wasikilize kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, wahesabu kwa dakika nzima, na hesabu zipishane kwa mapigo 10 au zaidi. Lakini kwa kifaa cha mbao cha kusikilizia hilo haliwezekani vizuri kabla ya wiki ya 20, wakati ambapo nafasi iliyo bora ya kutambua makondo imekwisha kupita.

Kinachokata shauri ni skani. Wiki ya 5, skani ya kupitia ukeni huonyesha kifuko cheusi kidogo, kwa maana maji huonekana meusi katika kioo. Wiki ya 6 kiinitete huonekana kama punje inayopepesa, na kupepesa huko ndiko moyo. Pacha wenye makondo mawili huonekana mapema kama vifuko viwili vilivyotengwa. Wenye kondo moja wamo katika kifuko kimoja cha nje, na skani ya wiki ya 5 huweza kuhesabu mtoto mmoja, kisha ile ya wiki ya 8 ikawakuta wawili. Hakuna aliyekosea hapo. Ya kwanza ilipigwa mapema mno.

Kinyume chake pia hutokea. Katika takriban mimba 20 hadi 30 kwa kila 100 zilizoonekana kuwa za pacha mapema, mmoja huacha kukua kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, akafyonzwa na mwili, na mwenziwe akaendelea vizuri. Mama huenda akaona matone ya damu, au asione kitu. Ni msiba wa kweli, hata kama kliniki imeandika kwamba mimba inaendelea salama, na unastahili kuheshimiwa hivyo. Mama hakuusababisha kwa kuinua ndoo ya maji au kupanda pikipiki, wala si jicho la jirani. Mara nyingi ni kasoro katika kiinitete chenyewe.

Kati ya wiki ya 11 na ya 13 ndipo skani husema mengi kwa mara moja. Hupima urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi makalioni na kurekebisha tarehe iliyopotea. Huhesabu watoto. Na pale ukuta unaotenganisha chupa mbili unapokutana na kondo, fundi anayejua hutazama pembe. Kondo likichomoza kama kabari nene ndani ya ukuta, makondo ni mawili. Ukuta ukiwa mwembamba kama uzi na kukita wima juu ya kondo, mfano wa herufi T iliyopinduliwa, kondo ni moja. Ukuta ukikosekana kabisa, watoto wako chupa moja. Kabari hiyo hufifia kadiri mimba inavyokua, na baada ya wiki ya 14 kuna nyakati ambapo hata jicho la mzoefu halina hakika. Kwa hiyo mama aliyeambiwa ana pacha ana haki ya kuuliza swali moja zaidi kabla ya kushuka kitandani: kondo ni moja au ni mawili? Jibu liandikwe katika Kitabu cha Mama na Mtoto, ambacho kila kliniki ya serikali hukitumia, ili muuguzi wa zamu nyingine alikute.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2016, linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu mara 8, ya kwanza ndani ya wiki 12, na apigwe skani moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mtoto mmoja kikomo cha wiki 24 kinatosha kwa mambo mengi. Kwa pacha hakitoshi, na kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba ana pacha kabla ya skani, wiki ya 14 ndiyo inayopaswa kuwa kikomo cha kila mwanamke anayeweza kuipata.

Matunzo ya awali hufanana kwa sehemu kubwa. Wote hupewa tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki, chandarua chenye dawa, vipimo vya damu, mkojo, kaswende na virusi vya ukimwi, na, Pwani ikiwa miongoni mwa maeneo yanayohusika, tembe za kinga ya malaria kuanzia miezi mitatu kupita, kwa kupishana mwezi mmoja au zaidi. Kwa mwenye pacha tofauti ni ya kiwango. Maji ya damu yake huongezeka zaidi, watoto wawili huchota chuma kutoka kwake, na upungufu wa damu humjia kwa urahisi. Tabia ya kula udongo, ambayo utafiti wa Kilifi miaka ya 1990 uliikuta kwa zaidi ya nusu ya wajawazito waliohojiwa, huambatana na upungufu huohuo. Anayeutamani sana apimwe damu, asisutwe. Shinikizo la damu la ujauzito humpata mwenye pacha mara mbili hadi tatu zaidi, na madaktari wengi humpa asprini ya kiasi kidogo kila siku kuanzia wiki ya 12. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa, haifai kununuliwa dukani kwa kubahatisha. Akiwa na makondo mawili, skani hurudiwa kila wiki 4. Akiwa na kondo moja, kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16.

Hatari za wiki za mwanzo zinazohitaji hospitali mara moja ni zilezile kwa wote: damu nyingi, maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzirai, ambavyo vinaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mimba zinazotoka zenyewe ni moja hadi mbili katika kila 10 zilizothibitishwa, na kwa pacha, hasa wa kondo moja, uwezekano ni mkubwa zaidi.

Kinachochelewesha haya yote bara ya Mombasa ni umbali na pia kimya. Mimba changa haitangazwi. Kwa familia nyingi za Pwani, kuisema kabla haijaonekana ni kuitafutia jicho, na kufika kliniki, mahali jirani wote hukutana benchi moja, ni kama kuitangaza. Heshima hiyo haina ubaya. Lakini muuguzi si jirani. Siri ya mgonjwa kwake ni sharti la kazi. Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kumwelekeza mama kimya kimya, na kadi yake ikafunguliwa wiki ya 9 bila wifi wala mama mkwe kujua mpaka yeye mwenyewe apende.

Umbali nao una sura yake. Anayetoka Kisauni hupita Daraja la Nyali, anayetoka Changamwe hupita Makupa, na wa Likoni husubiri feri, au gari lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu hadi Miritini. Mama wa mtoto mmoja asiye na tatizo anaweza kuzalia karibu na nyumbani, katika hospitali ya Likoni, Port Reitz au Utange. Mwenye pacha ana uwezekano wa zaidi ya nusu kuzaa kabla ya wiki ya 37, huenda usiku, huenda kwa upasuaji, na watoto wakahitaji joto na oksijeni. Uzazi wa bila malipo uliotangazwa mwaka 2013 na baadaye mpango wa Linda Mama viliondoa kikwazo kikubwa. Tangu Oktoba 2024 huduma hizo ziko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mama asiyejisajili mapema hukuta tatizo la usajili mlangoni siku ya uchungu. Mahali pa kuzalia, gari, nauli na mtu wa kuchangia damu vipangwe ifikapo mwezi wa sita, na havipangiki kwa pacha ambao hakuna aliyejua kuwa wapo.

Mwanamke wa bara aliyekosa hedhi mara mbili, basi, aanze kliniki sasa na aulizie skani ya wiki ya 11 hadi ya 13, iwe upande wa kwao au ng'ambo. Avuke wakati bado anavuka kwa miguu yake mwenyewe.